Plastiki Ikikutana na Moto: Tuanzie Jikoni

Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara. Wenzetu wa Zanzibar walitangulia mwaka 2006. Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, na Kenya mwezi Agosti 2017. Wengi wetu tunaikumbuka vizuri ile mifuko tuliyozoea kuiita rambo. Ilipeperuka na kunasa kwenye miti, iliziba mitaro, na wachinjaji waliikuta imeviringana matumboni mwa ng'ombe na mbuzi. Leo mtu anakwenda sokoni na kapu au na mfuko unaofuliwa, na waliosema kwamba haiwezekani wameona inawezekana.

Lakini mfuko wa kubebea ulikuwa ni tawi moja tu la mti huu. Hebu tuangalie nyumbani kwetu jioni moja tu. Kuna kile kifuko chembamba kinachong'aa, kilichoachwa kwa ajili ya kufungashia bidhaa, lakini siku hizi kinabeba kila kitu: nyanya, dagaa, chipsi, hata supu. Kuna chupa ya maji, chupa ya soda, mrija, kikombe cha kutupa, kipakiti cha sabuni ya unga, pampasi ya mtoto. Vitu hivi vinatumika kwa dakika chache, halafu vinatupwa. Na hapo ndipo ukurasa wa afya unapoingia, kwa sababu katika nyumba zetu vitu hivyo haviishii jalalani. Vingi vinaishia motoni, na vingine vinafika kwenye sufuria.

Tumekwisha kuandikiwa mengi juu ya samaki na kasa wa baharini wanaoumizwa na plastiki, na ni kweli tupu. Ila mtu anayeishi mbali na bahari anaweza kudhani kuwa jambo hili halimhusu. Sisi tunasema hivi: kama familia haiwezi kuondoa plastiki yote kwa siku moja, na hakuna familia inayoweza, basi ianze kuiondoa mahali inapokutana na moto na joto. Huko ndiko inakomdhuru mama na mtoto kwanza, kabla haijafika baharini.

KUWASHA MKAA KWA NAILONI

Jioni, mnamo saa kumi na mbili, pita katika mtaa wowote wakati majiko ya mkaa yanawashwa. Utasikia harufu kabla hujaona moshi. Binti amepanga mkaa vizuri, amechukua kipande cha mfuko, au chupa ya maji iliyokanyagwa, au kandambili iliyokatika, amekiwasha kwa kiberiti, na matone ya moto yanadondoka juu ya mkaa yakilia. Njia hii ina sifa yake: inashika haraka. Mafuta ya taa yana bei, nailoni haina bei. Hatumlaumu binti huyo, maana wadogo zake wanasubiri kula na giza linaingia.

Hata hivyo tuangalie ni nini kinachotoka katika moto ule. Moshi mweusi wa plastiki ni masizi membamba sana ambayo hayazuiliwi na pua wala koo, bali yanashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu. Pamoja nayo kuna hewa ya ukaa yenye sumu, na gesi nyingine zinazotofautiana kwa kadiri ya aina ya plastiki. Mifuko mingi tunayoiita nailoni kwa kweli ni ya polithini. Yale maboksi meupe mepesi ya kuwekea chakula ni aina nyingine, nayo yakiungua hutoa gesi iitwayo staireni, inayowasha macho na kuumiza kichwa. Plastiki ya nyaya za umeme, ya mipira ya kumwagilia maji na ya vitambaa vingi vya meza ina klorini ndani yake. Hiyo ikiungua hutoa gesi ya asidi inayochoma koo, pamoja na sumu ziitwazo dioksini, ambazo tutazirudia hapa chini. Anayewasha jiko hajui kipande alichookota ni cha aina gani, wala hana namna ya kukijua.

Na ni nani aliye karibu na jiko saa hiyo? Ni mama au binti aliyeinama akipuliza, na mtoto mgongoni au aliyesimama kando, pua yake ikiwa sawasawa na kimo cha moshi. Mtoto mdogo anapumua haraka kuliko mtu mzima, na njia zake za hewa ni nyembamba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika mwaka 2020 moshi wa majumbani, yaani wa kuni, mkaa, samadi na mafuta ya taa, ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na kati ya hivyo zaidi ya 237,000 vilikuwa vya watoto wenye umri usiofikia miaka mitano. Moshi wa kuni na mkaa peke yake umekwisha kuwa mzigo. Kuongeza plastiki juu yake ni kumtwisha mtoto mzigo wa pili. Mwenye pumu katika nyumba kama hiyo atakohoa usiku kucha, na watu watasema amerogwa au ni baridi.

Basi tuwashe kwa nini? Vitu viko, tena vya bure. Maganda ya machungwa yakianikwa siku chache yakakauka kabisa hushika moto vizuri, kwa sababu ya mafuta yaliyo ndani yake. Magunzi ya mahindi, vifuu na makumbi ya nazi, majani makavu ya mgomba, vijiti, karatasi zisizo na nailoni juu yake: vyote hivyo vinafaa. Shida ni kwamba tunavikumbuka saa ya kupika wakati vimelowa. Iwepo debe moja au kikapu mahali pakavu karibu na jiko, na watoto wapewe kazi ya kukijaza. Weka vipande vidogo vya mkaa chini na vikubwa juu, washa kwa chini, na elekeza mlango wa jiko upande unakotoka upepo. Wengine huchukua kopo kubwa la maziwa ya unga, wakalikata juu na chini likawa bomba, wakalisimamisha juu ya mkaa. Hewa huvutwa kwa nguvu, na mkaa unakolea upesi bila kupepea sana. Na ule utaratibu wa zamani wa kumtuma mtoto mkubwa kwa jirani akaombe kaa la moto haujapitwa na wakati.

Jiko liwashwe nje, na anayechoma mahindi au mishikaki asubiri moshi uishe kabisa ndipo aweke chakula. Tena, kwa kuwa tumefika hapo, jiko la mkaa lisiingizwe kamwe katika chumba cha kulala ili kupasha joto, hata kama halitoi moshi unaoonekana. Hewa yake inaua mtu usingizini.

WALI ULIOFUNIKWA KWA NAILONI

Jambo la pili linatuhuzunisha zaidi, kwa maana linafanywa kwa nia njema kabisa. Mpishi anataka wali wake uive vizuri, mvuke usitoke. Anatandaza mfuko wa nailoni juu ya sufuria, anafunika mfuniko juu yake, na pengine anapalia makaa. Makande, ndizi na maharage nayo hupikwa hivyo. Katika sherehe kubwa, masufuria makubwa yasiyo na mifuniko yanayotosha hufunikwa kwa mifuko, tena ile minene ya mbolea au ya sukari.

Mvuke wa maji yanayochemka una joto la nyuzi 100. Polithini laini huanza kulegea kabla ya hapo, na huyeyuka kwenye nyuzi 105 hadi 115 hivi. Ukingo wa sufuria iliyopaliwa makaa unazidi joto hilo kwa urahisi. Kwa hiyo ukiona mfuko umejikunja na kugandamana na ukingo wa sufuria, ujue kuwa sehemu yake imeyeyuka. Matone ya mvuke yaliyokusanyika chini ya mfuko yanarudi kwenye wali. Pamoja na plastiki yenyewe, mfuko una rangi na viungo vingine vilivyowekwa kiwandani ili uwe laini, au usipasuke, au upendeze. Mingine imetengenezwa kwa plastiki iliyoyeyushwa upya, ambayo hakuna ajuaye kwanza ilibeba nini. Baadhi ya viungo hivyo vinavuruga homoni, yaani wale wajumbe wa mwili wanaoongoza ukuaji wa mtoto na uzazi wa mtu mzima. Chakula chenye mafuta huvivuta kuliko chakula kikavu. Pilau lina mafuta.

Hatusemi kwamba sahani moja itamlaza mtu hospitalini. Tunasema juu ya mazoea: sufuria ya leo, ya kesho, na ya miaka ishirini.

Bibi zetu hawakuwa na nailoni na wali wao uliiva. Kule Kagera, na kwa majirani zetu wa Uganda, ndizi hufunikwa kwa majani ya mgomba hadi leo, na harufu yake nzuri inajulikana. Jani lioshwe, lipitishwe juu ya moto mpaka lilegee, ndipo lifunikwe juu ya chakula na mfuniko uwekwe. Kwa asiye na mgomba, kitambaa safi cha pamba kilicholowanishwa na kukamuliwa kinafanya kazi hiyo hiyo, au unga uliokandwa na kuzungushwa kwenye ukingo wa mfuniko. Kwa kitambaa, angalia ncha zake zisining'inie kwenye makaa. Na mfuniko unaobana, ukiununua mara moja, utakaa miaka.

CHIPSI, SUPU NA UJI WA NJIANI

Chipsi hutoka katika mafuta yenye joto la nyuzi 170 au 180, na mara nyingi huingia moja kwa moja katika kifuko chembamba, pamoja na kachumbari yenye ndimu. Supu na uji wa ulezi hufungwa hivyo hivyo vikiwa vinatoa mvuke. Kifuko hakipasuki, kwa hiyo mteja hudhani kuwa hakuna lililotokea. Lakini hayo tuliyoyasema juu ya wali ndiyo haya haya: joto, mafuta, chumvi na ndimu, vyote vinasaidia viungo vya plastiki kuhamia kwenye chakula.

Dawa yake ni rahisi, ingawa mwanzoni inaleta haya kidogo. Mtoto anayetumwa chipsi au supu atumwe na bakuli lenye mfuniko, au hotipoti ndogo, au chupa ya chai. Mama lishe hatakasirika. Atafurahi kwamba hukumaliza vifuko vyake. Anayekula pale pale aombe sahani. Kwa upande wa barafu za ubuyu ambazo watoto wanazipenda, joto halipo, na ugomvi wetu nazo ni mdogo. Tatizo lake ni kile kifuko kinachotupwa njiani kwa maelfu.

Kuna wanaokimbia plastiki wakaangukia kwenye gazeti. Maandazi na vitumbua vyenye mafuta visifungwe kwa karatasi iliyochapwa wino, maana wino unahamia kwenye mafuta. Hata kurasa za gazeti letu hili zisifungie maandazi. Zisomwe kwanza, halafu ziwashie jiko.

MOTO WA TAKATAKA NYUMA YA NYUMBA

Mahali pengi gari la taka halifiki, au linafika mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi uwanja unafagiliwa na kila kitu kinachomwa: majani, pampasi, chupa, vifuko, nyaya kuukuu. Nyumba inaonekana safi. Tuliahidi kurudi kwenye dioksini, na hapa ndipo mahali pake.

Dioksini hutokea hasa pale vitu vyenye klorini vinapoungua kwa moto hafifu, kama ule wa lundo la takataka linalofuka. Mwaka 1997 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliitaja ile kali kuliko zote kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba sehemu kubwa haiingii mwilini kwa njia ya pua. Shirika hilo linaeleza kuwa zaidi ya asilimia 90 ya dioksini inayowafikia watu hupitia chakula, hasa nyama, maziwa, samaki na vitu vingine vyenye mafuta ya wanyama. Moshi unatua juu ya majani, ng'ombe anakula majani, sumu inakaa katika mafuta yake na kutoka katika maziwa. Ikishaingia kwa binadamu hukaa katika mafuta ya mwili, na huchukua miaka 7 hadi 11 kupungua kwa nusu tu.

Na kuku wa kienyeji, ambaye sote tunamsifu, anafanya nini kutwa? Anaparua jalala na kudonoa kwenye majivu. Mwaka 2019 yalichunguzwa mayai ya kuku waliokuwa wakizurura Agbogbloshie, jijini Accra, Ghana, mahali ambapo nyaya na vyombo vikuukuu vya umeme vilichomwa kwa miaka mingi ili kupata shaba. Ilikutwa kwamba mtu mzima akila yai moja tu la hapo, amepata sumu hizo zaidi ya mara 200 ya kiasi ambacho wataalamu wa Ulaya walikubali kwa siku. Moto wetu wa Jumamosi si moto wa Agbogbloshie, wala hatutaki mtu aache kula mayai. Lakini njia ya sumu ni ile ile: kutoka kwenye jivu, kwenda kwa kuku, kwenda kwenye yai la mtoto. Kwa hiyo jivu la takataka zenye plastiki lisimwagwe kwenye bustani ya mchicha kama mbolea, na kuku wasiachwe kulidonoa. Akina mama wanaonyonyesha wasiogope kwa habari hii. Maziwa ya mama yanabaki kuwa chakula bora kuliko vyote kwa mtoto mchanga. La kufanya ni kuzima moto.

Atauliza mtu: nisipochoma, nipeleke wapi? Kwanza tenganisha. Maganda, mabaki ya chakula na majani yaende kwenye shimo la mboji, na hapo utashangaa jinsi lundo linavyopungua. Chupa za maji na soda zikusanywe zikiwa kavu ndani ya kiroba. Wako wanaozinunua kwa kilo, na vijana wanaookota chupa watakushukuru. Zisiachwe wazi uani zikiwa na maji ya mvua. Mbu anayeeneza homa ya dengi, iliyosumbua sana Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, anapenda kutaga katika maji safi ya makopo, chupa na matairi, naye anauma mchana, wakati chandarua kimekunjwa. Kinachobaki kabisa, kama hakuna gari la taka, ni nafuu kikafukiwa katika shimo refu lililo mbali na kisima kuliko kuchomwa. Si dawa kamili. Kwa sababu hiyo tunasisitiza kuwa plastiki nyingi isiingie nyumbani tangu mwanzo.

CHEMBE ZISIZOONEKANA

Siku hizi redioni tunasikia habari za chembe ndogo za plastiki ndani ya mwili. Si uvumi. Mwaka 2021 watafiti wa Italia walieleza kuzikuta katika kondo la nyuma la wanawake waliojifungua, na mwaka 2022 wenzao wa Uholanzi walizikuta katika damu ya watu. Mwaka 2024 utafiti mwingine wa Italia uliwafuatilia wagonjwa 257 waliokuwa wamefanyiwa upasuaji wa mshipa wa shingoni. Wale waliokutwa na chembe hizo katika uchafu ulioziba mshipa walipata zaidi mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo katika miaka iliyofuata. Utafiti wa namna hiyo unaonyesha kwamba mambo mawili yanakwenda pamoja. Hauthibitishi kwamba moja limeleta lingine. Kwa upande wa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba vijidudu vya maradhi bado ni hatari ya kutangulizwa kuliko chembe za plastiki. Kwa hiyo mtu asiache kuchemsha maji kwa hofu ya ndoo.

Tena hapa joto linarudi. Mwaka 2020 watafiti wa Dublin, Ireland, walipima chupa za plastiki za kulishia watoto wachanga, wakaona kwamba maji yakizidi kuwa ya moto ndivyo chembe zinavyozidi kutoka, hadi mamilioni kwa lita moja. Anayelazimika kumpa mtoto maziwa ya kopo ayakoroge katika chombo cha chuma au cha kioo, ayaache yapoe, ndipo ayamimine. Na bora zaidi ni kikombe safi na kijiko kuliko chupa ya chuchu, kama wauguzi wetu wanavyotuhimiza kila siku, kwa kuwa chupa ni ngumu kusafisha.

SOKONI NA KATIKA SHEREHE ZETU

Kwa ununuzi wa kila siku, kapu la ukindu au la milala halina mpinzani. Ndani yake viwekwe vifuko viwili vitatu vya kitambaa, vilivyoshonwa kwa kanga chakavu, kwa ajili ya mchele, maharage na sukari, na bakuli lenye mfuniko kwa ajili ya nyama au dagaa wabichi. Kitambaa kilichobeba nyama kifuliwe siku hiyo hiyo. Akina baba wanaopitia sokoni wakitoka kazini nao wabebe kifuko mfukoni. Si kazi ya akina mama peke yao.

Kwa watoto wachanga, nepi za kitambaa bado zinafaa, zikifuliwa kwa maji ya moto na sabuni na kuanikwa juani. Anayetumia pampasi safarini au usiku akung'ute choo chake chooni kwanza, na asizitupe mtoni wala ndani ya choo cha shimo.

Kwenye sherehe ndipo tunapoharibu kweli kweli. Kipaimara kimoja, jubilei moja, au harusi moja ya watu mia tatu inaacha nyuma yake sahani mia tatu za kutupa, vikombe vyake, na chupa za maji zilizonywewa nusu. Jioni vijana wa usafi wanavikusanya vyote nyuma ya ukumbi na kuvitia moto, na watu bado wamekaa wanakula keki. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, namba 211, alitaja kupunguza matumizi ya plastiki miongoni mwa matendo madogo ya kila siku ya kuitunza dunia. Sisi tungependa kuliona hilo likianzia katika kumbi zetu.

Namna ya kufanya si ngumu. Jumuiya ikichanga kidogo kidogo inaweza kununua sahani za bati au za chuma kisichoshika kutu, na bilauri, zikawekwa parokiani katika sanduku lenye ufunguo, na kukodishwa kwa bei ndogo kwa kila mwenye sherehe. Pesa ya kukodisha inanunua sabuni na kulipa waoshaji. Maji yachemshwe siku moja kabla, yachujwe kwa kitambaa safi, yakae katika ndoo zenye mfuniko na bomba, na bilauri zioshwe kwa maji safi yenye sabuni na kusuuzwa. Hapo hatutanii: bilauri chafu inayopita kinywa hadi kinywa italeta maradhi ya kuhara kwa haraka kuliko plastiki. Kama maji ya kuoshea hayapo ya kutosha, kila mmoja aje na kikombe chake.

YA KUTUMIA MARA MOJA YANAYOBAKI

Tusije tukaeleweka vibaya. Bomba la sindano, glovu za muuguzi, mpira wa dripu: hivi vinatumika mara moja na kutupwa, na lazima iwe hivyo. Kurudia sindano ni kueneza virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Mgonjwa anayo haki ya kuona pakiti mpya ikifunguliwa mbele yake.

Na kuna chupa moja ambayo tunaomba isitumike mara ya pili kwa namna yoyote. Ni chupa ya maji au ya soda inayogeuzwa kuwa ya mafuta ya taa, ya dawa ya kuulia wadudu wa shambani, au ya dawa ya kuondolea madoa. Mtoto wa miaka miwili anaijua chupa hiyo kuwa ni ya kinywaji. Hawezi kusoma, na harufu haimzuii akiwa na kiu. Vitu hivyo vikae katika vyombo vyake vyenyewe vyenye maandishi, vimefungwa, juu ambako mtoto hafiki. Ikitokea mtoto amekunywa mafuta ya taa, asitapishwe, wala asitiwe kidole kooni, kwa sababu mafuta yakirudi juu yanaingia kwenye mapafu, na hapo ndipo yanapoua. Avuliwe nguo zilizomwagikiwa, apelekwe kituo cha afya saa hiyo hiyo hata kama anacheza, na chupa yenyewe ibebwe ili mganga aione.